Chai ya Saa Nne na Vyeo Vyake

Tangu nilipopewa ukuu wa kitengo nimekuwa mtu wa kuchekesha sana. Mizaha ile ile ambayo nilipokuwa ofisa wa kawaida ilipita bila ya mtu kuinua uso kutoka kwenye kikombe chake, leo inapokewa kwa vicheko vya kushika mbavu, na yupo kijana mmoja katika chumba chetu ambaye huanza kucheka kabla sijafika mwisho wa maneno. Ningependa kuamini kwamba ucheshi wangu umekomaa kwa umri, lakini nyumbani hali ni ile ile ya zamani: mke wangu huisikiliza mizaha hiyo hiyo hadi mwisho, kisha huniuliza kama nimeshanunua umeme.

Nimefanya kazi katika ofisi ya serikali hapa Chake Chake, kisiwani Pemba, kwa muda wa kutosha kuona jambo hili kutoka chini na kutoka juu kidogo, nami nimekusudia kuliandika kwa sababu watu wengi wakizungumzia vyeo huzungumzia amri, barua na vikao. Huko kila mtu anajua nafasi yake, na hata asiyejua ataoneshwa kiti. Mimi nataka kuzungumzia soga: maneno ya kwenye benchi la chai, ya ndani ya gari, ya mlangoni pa msikiti wakati wa kutafuta viatu, ambako tunajidai kwamba cheo tumekiacha mezani pamoja na mihuri.

Kuhusu vicheko, kwanza, niseme kwamba si sisi peke yetu. Mwaka 1960 mtaalamu wa elimujamii wa Marekani, Rose Laub Coser, alichapisha utafiti wake juu ya mizaha katika vikao vya watumishi wa hospitali moja ya maradhi ya akili nchini mwake. Alikuta kwamba madaktari wa ngazi ya juu ndio waliotania zaidi, kwamba wengi waliotaniwa walikuwa chini yao, na kwamba wadogo walipotaka kutania walijitania wenyewe, au waliwatania wagonjwa na watu wasiokuwapo, lakini mkubwa aliyekaa mbele yao hawakumgusa. Mzaha ulifuata mteremko kama maji ya mvua. Wanawake waliokuwamo katika vikao hivyo walitania kwa nadra sana, ingawa kucheka walicheka vizuri tu. Miaka mingi baadaye mwanasaikolojia Robert Provine, naye wa Marekani, alikwenda kuwasikiliza watu madukani na njiani, akaona kwamba sehemu kubwa ya vicheko vyetu haifuati mzaha wowote. Hufuata maneno ya kawaida kabisa ya kuulizana hali na kuagana. Nikizingatia hayo, yule kijana wa chumbani mwetu hanidanganyi. Anacheka ili nijue kwamba hana ugomvi nami, na ujumbe huo ni wa kweli hata kama mzaha wenyewe haukuwa na chumvi.

Hata hivyo, ofisi yetu ina jambo ambalo nadhani hospitali ile haikuwa nalo kwa kiasi hiki, nalo ni wingi wa ngazi. Cheo ni ngazi moja. Umri ni ngazi nyengine, na ukoo ni nyengine, na elimu ya dini ni nyengine, na kila mmoja wetu amesimama juu katika hii na chini katika ile. Mholanzi Geert Hofstede, aliyekusanya majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi kati ya mwaka 1967 na 1973, alijaribu kuzipa nchi alama kwa kupima namna watu wanavyokubali tofauti ya madaraka baina ya mkubwa na mdogo. Ni kazi kubwa na siidharau, lakini nikiitazama ofisi yetu sielewi alama hiyo moja ingeandikwa saa ngapi, maana mtu yule yule huwa mkubwa saa mbili asubuhi, mdogo saa nne, na mtoto kabisa ikifika sala ya adhuhuri.

Chukua salamu. Tarishi wetu ni mzee anayekaribia kustaafu, na mkuu wetu wa idara ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Kila asubuhi mkuu wa idara akimkuta ukumbini husema, "Shikamoo mzee," naye mzee hujibu bila ya haraka, "Marahaba mwanangu, waamkaje?" na kumwuliza habari za mama yake, ambaye anamjua tangu usichana wake. Muda mfupi baadaye kengele hulia, na yule yule mwanangu humtuma yule yule mzee kupeleka jalada, na mzee hulichukua kwa mikono miwili akisema, "Sawa, bosi." Hakuna hata mmoja kati yao anayeona ajabu. Vijana walioajiriwa karibuni ndio hushangaa, kwa sababu bado wanadhani mtu lazima awe kitu kimoja.

Tena kuna suala la nani aanze. Katika chuo cha Qur'ani tulisomeshwa kwamba aliyepanda kipando humsalimia anayekwenda kwa miguu, anayekwenda humsalimia aliyekaa, wachache huwasalimia wengi, na mdogo humsalimia mkubwa. Kwa hesabu hiyo bosi anayeingia chumba kilichojaa watu waliokaa ndiye anayedaiwa salamu. Lakini maofisa vijana, wakisikia tu viatu vyake ukumbini, huwa wameshasimama na salamu zimeshawatoka midomoni, na hapo adabu mbili hugongana mlangoni. Bosi mmoja tuliyekuwa naye zamani alilimaliza tatizo hilo kwa kutoa salamu akiwa bado nje, kwa sauti ya kutosha, ili akiingia akute watu wanaitikia. Nilikuwa nikimwona ni mtu wa makeke. Sasa naona alikuwa amelifikiri jambo lake.

Ukoo ndio wenye vituko zaidi, kwa sababu kisiwa ni kidogo. Bibi anayeshughulikia masijala ni mama mdogo wa mkuu wa idara, na wakiwa wawili humwita mwanangu. Nimewahi kumsikia akianza kumlalamikia jambo kwa "mwanangu" na kulimaliza kwa "mheshimiwa", kwa kuwa mgeni alifungua mlango katikati. Sauti nayo ilibadilika, mkao ukabadilika, na malalamiko yakageuka kuwa taarifa.

Baada ya hapo ndiyo huja chai ya saa nne. Nyuma ya jengo letu pana mwembe, na chini yake pana benchi refu na magogo mawili ya mnazi. Mama anayetuuzia huja na chupa za chai ya maziwa, maandazi, vitumbua na boflo, na siku nyengine sufuria la mihogo ya nazi. Hapana mtu aliyegawa nafasi, lakini nafasi zipo. Mzee tarishi hukaa ncha ya benchi iliyo upande wa kivuli na sijapata kumwona mtu mwengine akikaa hapo, hata siku ambazo hakuja kazini. Maofisa wa miaka ya katikati hukaa naye. Vijana hukaa magogoni, na anayefanya mafunzo kwa vitendo husimama, akishika kikombe chake kama ameazimwa.

Soga inayonipendeza kuliko zote hapo ni ya karafuu. Msimu ukikaribia, mpangilio wote wa ofisi hupinduka, kwa sababu mzee tarishi ana mikarafuu ya urithi na anaijua mti kwa mti, wakati baadhi yetu tuna shahada na miti michache ambayo hatujui hata nani anaipalilia. Hapo maofisa humwuliza yeye. Pishi moja ya karafuu mbichi mwaka huu wachumaji wanataka kiasi gani? Majamvi yatafutwe sasa au yangojewe? Mvua ikikukuta umeshaanika, unaanua zote au unafunika? Mzee hujibu kwa utaratibu wa mtu anayesomesha darsa, na akiona swali ni la kitoto husema hivyo hivyo. Nimemwona akimwambia ofisa mwandamizi, mbele ya watu, kwamba karafuu zake za mwaka uliopita zilikuwa na makonyo kiasi cha kumfanya mpimaji wa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, adhani ameletewa kuni, na ofisa huyo alicheka kwa dhati, kisha akauliza namna ya kuchambua vizuri zaidi. Nje ya msimu wa karafuu mzaha wa namna hiyo kutoka kwa tarishi kwenda kwa ofisa mwandamizi hautamkiki.

Sasa mkuu wa idara akitokea kwenye kona ya jengo na kikombe chake mkononi, hutokea kitu ambacho kila aliyefanya kazi ofisini anakijua. Ikiwa watu walikuwa wakizungumza karafuu, wataendelea, na yeye atatafuta pa kukaa na kuuliza swali lake kama wengine. Ikiwa walikuwa wakizungumza posho ya semina iliyopita, na nani alipata na nani aliachwa, basi funika kombe mwanaharamu apite: mtu atataja Yanga, mwengine atataja Simba, na ndani ya nukta chache benchi zima litakuwa katikati ya mjadala wa penalti ambao haukuwepo. Mambo yanayoruhusiwa mbele yake tunayajua bila ya kuandikiwa. Mpira unaruhusiwa, mvua inaruhusiwa, boti kuchelewa, harusi, maradhi na maziko yanaruhusiwa. Posho, uhamisho, na bei ya kiwanja alichonunua fulani haviruhusiwi, na jina la mtu yeyote aliye kati ya benchi na Katibu Mkuu halitajwi ila kwa kuombewa dua.

Wapo wanaosema huu ni unafiki. Mimi sikubali. Watu wazima wanapobadilisha maneno kwa sababu ya aliyeingia hawasemi uongo. Wanamwepushia yeye kusikia jambo ambalo akilisikia atalazimika kulifanyia kazi. Posho ikitajwa mbele ya mkuu wa idara inaacha kuwa soga na inakuwa lalamiko, na lalamiko linataka jibu, na jibu linataka jalada. Kumnyamazia ni kumpa nafasi ya kunywa chai yake. Nashuku kwamba wakubwa wengi wenye akili wanajua haya, na ndiyo maana huzichelewesha hatua zao wanapoikaribia kona ile.

Siasa sitaizungumzia kwa urefu, ingawa Pemba huwezi kuiruka. Kabla ya Maridhiano ya mwaka 2009 baina ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyofungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa, kulikuwa na vijiji ambavyo watu wa vyama viwili hawakuzikana wala hawakununuliana dukani, na waliokuwa kazini wakati huo wanakumbuka jinsi kila neno la benchini lilivyopimwa kabla ya kutoka. Siku hizi ulimi umelainika. Lakini uchaguzi ukikaribia, benchi letu hurudi kwenye mpira na kubaki huko hadi matokeo yatangazwe, na mpira wenyewe huzungumzwa kwa upole usio wa kawaida.

Ngazi hizi huonekana waziwazi zaidi wanapokuja wageni kutoka Unguja. Kwa wasioujua mpangilio wetu, wizara za Serikali ya Mapinduzi zina Afisa Mdhamini hapa Pemba, ambaye ndiye mkubwa wa wizara yake kisiwani, ilhali Waziri na Katibu Mkuu wako Unguja. Ugeni wa makao makuu ukiteremka, kila mmoja wetu hushuka daraja moja kwa siku hiyo. Mkuu wetu wa idara, ambaye mizaha yake sisi tunaicheka wiki nzima, siku hiyo yeye ndiye hucheka mizaha ya mwengine, na sisi hucheka nyuma yake, kicheko cha daraja la pili, chenye kuchelewa kidogo, kwa sababu hatukitazami chanzo bali tunamtazama yeye.

Nakumbuka mgeni mmoja aliyetutembelea, mtu mzuri tu, ambaye tukiwa tumekaa kwenye chai alitoa mzaha wa siku zote juu ya Wapemba na mkono wa birika. Tulicheka kwa mpangilio nilioueleza. Mzee tarishi, aliyekuwa akimimina chai, hakucheka. Alimaliza kikombe alichokuwa akikijaza, akakiweka mbele ya mgeni, akasema kwa utulivu kabisa, "Kweli sheikh, sisi wabahili. Ndiyo maana nyinyi mkija huku mnashiba mpaka mnasahau boti ya kurudi." Palikuwa na ukimya mfupi sana, kisha mgeni mwenyewe akaangua kicheko kilichomtoa machozi, na hapo ndipo tukacheka sote, wakubwa kwa wadogo, bila ya kutazamana kwanza.

Tukio hilo ndilo lililonifanya nifikirie tofauti baina yetu na vikao alivyovichunguza Coser. Huku kwetu mzaha unaweza kupanda, lakini hupandishwa na mtu mwenye ngazi nyengine ya kusimamia. Mzee aliweza kumrudishia mgeni kwa sababu mvi zake zilimtangulia, na kwa sababu utani baina ya visiwa hivi viwili una ruhusa yake ya zamani. Mimi ningesema maneno hayo hayo, ungekuwa ufidhuli. Kijana wa mafunzo angeyasema, angetafutiwa kituo chengine cha kufanyia mafunzo.

Na mzaha unaopanda una kazi ambayo barua haiifanyi. Mwaka mmoja paa la masijala yetu lilikuwa likivuja upande wa kaskazini, na kila mvua za masika zikinyesha usiku tulikuta safu ya majalada imelowa. Jambo hili lilijulikana na kila mtu isipokuwa, pengine, aliyetakiwa kulijua. Dokezo liliandikwa, tena kwa lugha ya heshima kiasi kwamba ungelisoma ungedhani paa linatoa salamu. Likaingia kwenye trei na likabaki humo. Siku moja mkuu wa idara alipokaa benchini, na soga ikiwa kwenye mvua kama desturi, mzee tarishi alimgeukia akasema, "Lakini bosi, majalada yako yanamcha Mungu kuliko sisi. Kila alfajiri nikiyafungulia mlango nayakuta yameshatawadha." Benchi lilicheka. Mkuu wa idara alicheka, akanyamaza, akauliza, "Yametawadha kivipi?" na kabla chai yake haijapoa alikuwa amesimama ndani ya masijala akiitazama dari. Hakuna aliyeshitakiwa, hakuna aliyeonekana amepita juu ya kichwa cha mwenziwe, na dokezo la kwenye trei halikutajwa kabisa. Mafundi walikuja.

Ndiyo maana nasema kwamba mtu akitaka kujua hali ya ofisi asiulize kama soga inabadilika bosi akifika, kwa kuwa hubadilika kila mahali. Aulize kama yupo mtu mmoja, wa cheo chochote, ambaye anaweza kumwambia bosi jambo baya katikati ya maandazi na jambo hilo likapita. Ofisi isiyokuwa na mtu huyo hutegemea njia nyengine, na njia hizo zina bei.

Njia moja ni dereva. Dereva wa mkubwa husikia simu zote zinazopigwa ndani ya gari, kutoka Chake mpaka Wete au Mkoani, na hupata habari ya uhamisho kabla barua haijapigwa chapa. Redio mbao ya ofisi yoyote Pemba huanzia kwenye usukani. Lakini ndani ya gari hilo hilo mkubwa naye huuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, akitazama dirishani, "Watu wanasemaje huko?" Dereva huwa na muda wa kona moja au mbili kuamua watu wanasema nini. Sisemi kwamba madereva ni waongo; wengi ninaowajua ni waaminifu kuliko sisi tunaokaa na kompyuta. Nasema tu kwamba mkubwa ambaye sikio lake ni moja husikia ofisi yenye mtu mmoja.

Njia nyengine ni mafumbo, na hapo wanawake wametuzidi kwa mbali. Wenzetu hawa hunywa chai yao barazani upande wa mbele, na mwenzangu mmoja wa kike ambaye ni mkuu wa kitengo kama mimi huniambia kwamba kwake mambo huenda kinyume: wanawake walio chini yake hawanyamazi akifika, ila humbadilishia mada kuwa watoto na shughuli za harusi, kwa heshima kabisa, mpaka akachoka kusubiri asikie habari za kazi. Akija kwenye benchi letu ndiyo vibaya zaidi, kwa sababu hapo wanaume husimama, humwachia nafasi pana kuliko inayohitajika, na soga hufa palepale. Basi habari humfikia kwa fumbo. Mtumishi akijifungua, hukusanywa fedha za kununulia doti za kanga, na kazi ya kuchagua maandishi ya kanga hizo huchukua muda mrefu kuliko kukusanya fedha, maana kila anayeyasoma atauliza yamelengwa kwa nani. Mwaka mmoja zilichaguliwa kanga ambazo maneno yake yalimhusu mzazi kwa juujuu tu, na mkuu wa kitengo aliyezikabidhi aliyasoma kwa sauti mbele ya wote, akasita kidogo kwenye neno la mwisho. Wiki iliyofuata zamu za Jumamosi zilipangwa upya.

Makundi ya WhatsApp nitayapita haraka, kwa sababu kila mtu anayajua. Yapo mawili. La kwanza lina bosi ndani yake na limejaa "Amin", "Ahsante bosi" na picha za maua siku ya Ijumaa. La pili halina bosi, na huundwa siku ile ile la kwanza linapoundwa.

Sala ya adhuhuri inastahili maneno zaidi. Imamu wetu ni mlinzi wa getini, kijana aliyehifadhi Qur'ani na mwenye sauti nzuri ya kisomo, na nyuma yake hupangana kila aliyewahi kufika, mkuu wa idara akiwa begani kwa begani na dereva wake. Hilo linajulikana na ndivyo inavyotakiwa. Ninachotaka kukionesha kwa karibu ni dakika zinazofuata, pale mlangoni, watu wakiwa wameinama kila mmoja akitafuta viatu vyake katika lundo. Katika dakika hizo nimesikia maombi mengi kuliko yanayopita mezani kwangu kwa mwezi. Mtu akiwa anafunga kamba ya kiatu humwambia bosi, bila ya kumtazama, kwamba mtoto wake amelazwa na kesho atachelewa. Mwengine husema kwamba ile safari ya Micheweni apewe mwenziwe kwa kuwa ana deni la zamu. Bosi naye, akiwa na kiatu kimoja mguuni, hujibu "Hapana tabu" au "Hilo tulizungumze ofisini," na jibu la pili watu hulielewa kuwa ni hapana. Nadhani mkao ndio unaosaidia: wote wameinama, hakuna aliyekaa nyuma ya meza, na macho yana kazi nyengine ya kufanya. Viatu vikishavaliwa, watu hunyooka, na vyeo vyao hunyooka pamoja nao.

Aliwahi kuletwa kwetu mkubwa mmoja aliyetoka kwenye kozi ya uongozi ng'ambo, akatutangazia kikaoni kwamba hataki kuitwa bosi wala mkurugenzi. Aitwe kwa jina lake tu, na yeye ni mwenzetu. Alikusudia kheri, nami nilimpenda. Matokeo yake ni kwamba hakuitwa kitu chochote. Jina tupu halikutoka mdomoni mwa mtu, cheo alikikataza, kwa hivyo tulijifunza kumkaribia kwa kukohoa na kuanza maneno yetu kwa "Samahani". Alikuja benchini kila siku, akakaa hadi mwisho, akatania, akatutaka na sisi tumtanie, na kila siku vikombe vilimalizika mapema zaidi. Waswahili husema mkubwa ni jaa, yaani kila taka humfikia yeye na hana budi kuzipokea. Lakini hata jaa huwa na mahali pake, pembeni kidogo ya nyumba, na watu hulifuata wenyewe wakiwa na cha kutupa.

Aliyemfuatia ndiye yule wa kutoa salamu akiwa nje ya mlango. Huyu alikuja benchini kwa muda wa kikombe kimoja. Aliuliza jambo ambalo yeye hakulijua na mmoja wetu alilijua, mara nyingi karafuu, mara nyengine mitego ya samaki kwa wale wanaotoka Wesha na Tumbe, akasikiliza jibu lote, akarudisha kikombe kwa mama wa chai kwa mkono wake, akaondoka. Kuondoka kwake kulikuwa nusu ya uungwana wake. Tulijua kwamba atakuja, tulijua kwamba atakwenda, na ndani ya muda ule mfupi aliambiwa mambo ambayo yule mpenda usawa hakuyasikia katika muda wake wote. Mimi kwenye kitengo changu nafuata mtindo huo, ingawa kikombe changu hunichelewesha kwa sababu napenda chai ya moto.

Bosi huyo alistaafu alipofika miaka sitini, akarudi kwenye mikarafuu yake, na kila akiteremka Chake kwa shughuli zake hupita kutusalimia. Mara za mwanzo watu walisimama. Siku hizi hawasimami, husogea tu, na mzee tarishi alishampokonya kitumbua mkononi akimwambia kwamba hivi ni vya watu wenye kazi. Mwezi uliopita alituuliza, akiwa ametulia kabisa, tumweleze sasa ni habari gani tulizokuwa tukimficha wakati wake, maana hana tena wa kumchukulia hatua. Tulitazamana. Mzee akamweleza moja, mimi nikamweleza nyengine, naye akacheka zote mbili mpaka akapaliwa. Ya tatu hatukumweleza, kwa sababu inamhusu mtu ambaye bado yumo kazini, na mtu huyo alikuwa anakunja kona na kikombe chake.